Jinsi ya kuwafundisha wahadhiri kuandaa muhtasari wa kozi utakaopita Seneti

Kazi yangu ni uratibu wa mitaala katika chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Ukiondoa vikao, napokea mapendekezo ya kozi kutoka idarani, nayasoma, nayarudisha, nayapokea tena, mpaka yafae kwenda Seneti, kikao cha juu cha taaluma chuoni. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu aliyepewa barua ya uteuzi juzi, akaambiwa ataendesha semina ya siku mbili kwa wahadhiri kuhusu uandaaji wa muhtasari wa kozi, na sasa anatafuta pa kuanzia.

Nitangulize msimamo wangu, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo: mada za kozi ziandikwe mwisho. Wahadhiri karibu wote huanza nazo. Mtu anafungua faili jipya, anaandika "Mada ya 1: Maana, historia na umuhimu," anateremka mpaka ya kumi na mbili, ndipo anarudi juu kutunga malengo yatakayofanana na alichokwisha kuandika. Chini kabisa anabandika asilimia 40 kwa 60 za upimaji, na kwisha. Kwa macho ni kozi kamili. Lakini mjumbe wa kamati akiuliza, "Mwanafunzi akitoka hapa anaweza kufanya kazi gani?", mwenye kozi anaanza kusoma orodha ya mada. Pendekezo la namna hiyo litarudi, na likirudi mara mbili mhadhiri anakata tamaa, muhula unaanza, na wanafunzi wanafundishwa kwa madesa ya miaka iliyopita.

Kwa hiyo semina yako ipange hivi: kwanza matokeo ya ujifunzaji, yaani kile mwanafunzi atakachoweza kufanya akimaliza kozi, pili upimaji, tatu saa na krediti, nne mada na rejea. Habari za fomu, saini na njia ya kuwasilisha ziende siku ya pili mchana, kila mtu akiwa na kitu cha kuwasilisha.

Kabla ya siku yenyewe

Usialike chuo kizima. Watu kumi na watano hivi, kutoka idara tatu au nne, wanatosha. Wakizidi ishirini utakuwa unahutubia, na kwa hotuba hakuna muhtasari utakaoandikwa. Wakuu wa idara wawemo ndani ya chumba, kwa sababu saini ya kwanza ni yao. Mkuu wa idara asiyejua kwa nini kozi imebadilika ndiye atakayeikalia mezani kwake mwezi mzima.

Barua ya mwaliko itoke mapema na imtake kila mmoja aje na vitu vitatu: muhtasari wa kozi anayoifundisha sasa, karatasi ya mtihani wa mwisho wa muhula uliopita, na chochote kilichoandikwa na watu wanaowapokea wanafunzi wetu kwenye mafunzo kwa vitendo, hata kama ni fomu ya tathmini yenye mistari miwili. Karatasi ya mtihani ndiyo ya thamani kuliko zote. Muhtasari unaeleza mhadhiri anachotamani kufundisha. Mtihani unaonyesha alichokithamini kweli.

Suala la posho limalizwe ndani ya barua hiyo hiyo. Kama ni chai na chakula cha mchana tu, sema wazi, watu wasikae siku nzima wakipelekeana ujumbe kuulizana. Mgeni rasmi afungue kwa dakika kumi, ipigwe picha ya pamoja, aendelee na shughuli zake. Ukimpangia saa nzima, chai itafika kabla hujaandika hata mstari. Projekta iwepo, lakini usiitegemee sana. Chapisha fomu tupu za kutosha, leta karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu nene, na hakikisha kuna nyaya za kuongezea umeme, maana kompyuta za wenzetu nyingi hazikai na chaji.

Kuna jambo la maprofesa. Profesa aliyefundisha tangu wewe ukiwa sekondari hatakaa kwenye kiti umfundishe kuandika kozi, na ukimlazimisha atatumia asubuhi yote kukusahihisha. Mfuate ofisini siku chache kabla. "Shikamoo Prof. Nimekuja kukuomba unisaidie kusoma kazi za vijana mchana wa siku ya kwanza." Atakuja, tena kwa furaha. Akishasoma kazi nne za wengine na kuulizwa maswali yale yale kwa kila moja, jioni atachomoa ya kwake mkobani bila kuambiwa na mtu. Wala usimwite kwa jina mbele za watu kumkumbusha tarehe ya mwisho. Ukipita ofisini kwake inatosha.

Matokeo ya ujifunzaji: hapa kaa asubuhi nzima

Chukua kozi moja ya kweli uifanyie kazi mbele ya wote. Mimi hupenda kozi ya Hifadhi ya Nafaka Baada ya Mavuno, kwa sababu hata mhadhiri wa uhasibu amewahi kuona gunia la mahindi lililotobolewa na dumuzi. Mhadhiri wake alikuwa ameandika: "Mwanafunzi ataelewa wadudu waharibifu wa ghalani." Mazungumzo yetu yalikwenda hivi, mimi nikiandika ukutani.

"Dokta, utajuaje kuwa ameelewa?"

"Nitampa mtihani."

"Utamuuliza nini?"

"Ataje wadudu watano na madhara yao."

"Sawa. Sasa huyu kijana amemaliza, ameajiriwa kwenye ghala la ushirika. Lori la mahindi limeingia saa tatu asubuhi. Mkuu wa ghala anamtaka afanye nini?"

Akacheka. "Achukue sampuli kwenye magunia. Aangalie kama kuna fukusi au dumuzi. Apime unyevu. Halafu aseme kama mzigo unapokelewa, unarudishwa juani, au unakataliwa."

"Basi andika hayo uliyoyasema."

Sentensi iliyobaki ukutani ilisomeka hivi: mwanafunzi aweze kuchukua sampuli ya shehena ya mahindi, kutambua wadudu waliomo, kupima unyevu, na kutoa uamuzi wenye sababu kama shehena ihifadhiwe, ikaushwe au ikataliwe. Hapo hapo kozi ikaanza kudai vitu ambavyo haikuwa navyo. Inadai kipima unyevu. Inadai mwanafunzi ajue kwamba viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5 ya unyevu, na sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Inadai siku moja ghalani. Sentensi ya "ataelewa" haikuwa inadai chochote.

Fomu zetu zinajazwa kwa Kiingereza, lakini mazungumzo haya yafanyike kwa Kiswahili. Mhadhiri akiwa na fomu mbele yake huvuta misemo aliyoikuta kwenye mitaala ya zamani. Akisimulia tu, anasema kazi yenyewe. Msikilize, andika anachosema, kisha muingie kwenye fomu pamoja.

Piga marufuku vitenzi vinne kwa siku mbili hizo: kuelewa, kufahamu, kujua, kuthamini. Watalalamika kuwa elimu ya juu ina mambo yasiyopimika. Wakubalie kuwa yapo, ila hii ni fomu ya yanayopimika. Wengi wamesikia habari za ngazi sita za kufikiri za Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, za mwaka 1956 na marekebisho yake ya 2001 yaliyozigeuza kuwa vitenzi. Wagawie ukurasa mmoja wa vitenzi hivyo, usiwafanyie mhadhara wake. Nimeona semina zilizomaliza asubuhi kwenye piramidi ya ngazi hizo na hakuna kozi hata moja iliyoguswa.

Linalowashinda zaidi ni ngazi ya tuzo. Kozi yenye jina lile lile inaweza kufundishwa kwenye cheti, stashahada na shahada, na mhadhiri anayefundisha zote tatu hunakili matokeo yale yale. Kwenye mfumo wa tuzo za ufundi, cheti cha awali ni ngazi ya 4, stashahada ya kawaida ni ya 6, shahada ya kwanza ni ya 8, na kila ngazi inataka mwanafunzi abebe wajibu mkubwa zaidi. Kwa kozi yetu ya nafaka, mwanafunzi wa cheti achukue sampuli kwa kufuata utaratibu aliopewa. Wa stashahada achague utaratibu unaofaa ghala alilopo na awasimamie wengine. Wa shahada atathmini kwa nini ghala linapoteza mzigo kila msimu na abuni mpango wa kuzuia. Waambie waandike tokeo moja kwa ngazi zote tatu, watalielewa jambo hili ndani ya nusu saa.

Matokeo manne hadi sita yanatosha kwa kozi ya kawaida. Mtu akileta kumi na mawili, mwambie ayasome kwa sauti. Atagundua mwenyewe kuwa saba ni mada zilizovikwa vitenzi.

Upimaji, na ile karatasi ya mtihani

Mchana wa siku ya kwanza kila mmoja achore jedwali. Kushoto yateremke matokeo aliyoyaandika asubuhi. Juu ziandikwe njia zake za kupima: jaribio la kwanza, jaribio la pili, ripoti ya vitendo, kazi ya kikundi, mtihani wa mwisho. Sasa atoe ile karatasi ya mtihani wa muhula uliopita, asome swali moja moja, na kila swali aliwekee alama kwenye mstari wa tokeo linalolipima.

Chumba kinatulia hapa. Karatasi ya maswali saba, maswali sita yote yanaangukia mstari wa kwanza: taja, eleza, fafanua. Mistari mitatu ya chini, ile yenye kazi ambazo mwajiri anazitaka, haina alama hata moja. Usiseme kitu. Acha jedwali liseme. Kisha toa kanuni: mstari usio na alama, ama uongezewe kipimo ama tokeo lifutwe; safu isiyo na alama, hicho kipimo hakina kazi, kiondoe.

Utaratibu uliozoeleka kwenye vyuo vyetu vingi ni asilimia 40 za upimaji endelevu na 60 za mtihani wa mwisho, na wahadhiri hudhani hapo hapana cha kuamua. Kipo. Zile 40 zinaweza kugawanywa kwa majaribio mawili ya kuandika, au zikawa jaribio moja la 15 na zoezi la ghalani la 25. Kozi ya vitendo inayopimwa kwa kalamu peke yake itaulizwa maswali kamatini, na ni haki iulizwe.

Atasimama mtu aseme, "Mratibu, mimi nina darasa la wanafunzi mia tatu. Ripoti mia tatu nani atasahihisha?" Usimjibu kwa nadharia, ana hoja. Nilichoona kinafanya kazi ni makundi ya watano, ripoti moja kwa kundi, halafu siku ya kuwasilisha kila mwanafunzi anaulizwa swali moja la mdomo mbele ya sampuli ile ile, na alama ya swali ni yake peke yake. Wakufunzi wasaidizi wawili wanaweza kumaliza darasa hilo kwa siku chache, mradi karatasi ya vigezo vya alama imeandikwa mapema. Karatasi hiyo ya vigezo iambatishwe kwenye pendekezo. Kamati zinaipenda, na mhadhiri atakayerithi kozi ataipenda zaidi.

Saa na krediti

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwenye mfumo wa tuzo wa vyuo vikuu Tanzania, krediti moja ni saa kumi za mwanafunzi kujifunza, za darasani na za nje ya darasa kwa pamoja. Mwaka una krediti 120, ndiyo maana shahada ya miaka mitatu inaanzia 360. Kozi yetu ya nafaka ina krediti 10, yaani saa 100. Tulizigawa hivi: mihadhara saa 30, ambazo ni saa mbili kwa wiki kwa wiki 15, semina saa 10, vitendo saa 20, kazi za kupimwa saa 15, kujisomea saa 25.

Makosa ni yale yale kila mwaka. Mmoja anaandika saa 100 za mihadhara. Mwingine anaacha sehemu ya kujisomea wazi, kama kwamba wanafunzi hulala baada ya kipindi. Wa tatu, na huyu ndiye mgumu, anaongeza kazi bila kugusa krediti kwa kuwa kozi yake ni muhimu. Mpe hesabu hii. Muhula una krediti 60, ni saa 600, ukizigawa kwa wiki 15 ni saa 40 kwa wiki. Kozi ziko sita. Kila mhadhiri akiongeza saa 30 tu, zinakuwa saa 180, yaani saa 12 zaidi kila wiki. Mwanafunzi huyo huyo anapanga foleni ya chakula, anafua, na wengine wanauza vocha jioni. Saa hizo 12 atazikata mahali, na atazikata kwenye kozi ambayo mwalimu wake hafuatilii.

Kwa vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, muundo unabadilika kidogo: utakutana na moduli, na chini ya kila tokeo kuu kuna matokeo wezeshi na madogo yake. Jedwali la upimaji linakuwa refu, lakini njia ya kulijaza ni hiyo hiyo.

Mada na rejea

Sasa ndipo mada ziandikwe, na mtashangaa zinavyoandikika haraka. Kila mada iwe na namba ya tokeo inalolihudumia pembeni yake. Isiyo na namba inatoka. Ugomvi wa semina nzima uko kwenye sentensi hiyo, kwa sababu kila mhadhiri ana mada moja aipendayo, mara nyingi ile ya tasnifu yake ya uzamivu, ambayo haina tokeo lolote. Mimi humwachia saa mbili ndani ya mada nyingine. Mtu anayefundisha kwa mapenzi hata saa mbili ana faida kwa darasa, na kamati haitaona tatizo.

Wiki ya kwanza isipotee kwenye "maana, historia na umuhimu." Kwenye kozi ya nafaka tuliamua wiki ya kwanza wanafunzi waletewe magunia mawili, moja zima na moja lililoliwa, waambiwe waseme yametofautianaje. Maana na umuhimu viliingia vyenyewe.

Rejea: mwite mkutubi akae nanyi saa moja na orodha yake. Vitabu vitano vya lazima, vipatikane maktaba au kwenye hifadhi za mtandaoni ambazo chuo kina ruhusa ya kuingia. Orodha ya vitabu thelathini vya miaka ya themanini, ambavyo havipo hata rafu moja hapa nchini, inamwonyesha msomaji kwamba imenakiliwa. Kitabu cha zamani kibaki kama bado ndicho msingi wa fani, na mhadhiri aweze kusema kwa nini. Kwa kozi za kiufundi, viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), sheria na kanuni za nchi ni rejea halali kabisa, lakini husahaulika.

Sehemu ya sababu, ambayo husomwa kwanza

Wahadhiri huiandika dakika ya mwisho, aya moja inayosema dunia inabadilika na sayansi na teknolojia inakua. Mjumbe wa Seneti asiye wa fani yako anasoma sehemu hii na jedwali la krediti, basi. Andika sababu inayotoka hapa hapa. Kwa kozi ya nafaka tulianza na vifo vya sumukuvu vya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, tukaeleza kuwa mkoa wetu unalisha mahindi mikoa mingine, tukaonyesha ni nani ndani ya mnyororo huo hana mafunzo ya kupima. Nusu ukurasa.

Kisha ushirikishwaji wa wadau. Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu ili ichangie uchumi, ule wa Dola za Marekani milioni 425 ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulisukuma vyuo vikuu vya umma kupitia upya mitaala na kuunda kamati za ushauri zenye watu wa viwandani, kwa hiyo wajumbe wa vikao sasa wanajua kuuliza. Sentensi ya "wadau walishirikishwa" haitoshi tena. Weka jedwali la safu tatu: nani alisema, alisema nini, tumebadilisha nini. Na pale ambapo hamkukubaliana naye, andikeni hivyo na sababu. Mwenye kiwanda anaweza kutaka kozi nzima juu ya mashine yake moja, nanyi mna haki ya kukataa.

Kabla ya kufunga fomu, mhadhiri achukue orodha ya kozi zote za chuo atafute kozi inayofanana na yake. Kitivo cha jirani kinaweza kuwa na nusu ya mada zake, na jambo hilo likiibuliwa Seneti na amidi, yaani mkuu wa kitivo, wa upande wa pili, pendekezo linarudi siku hiyo hiyo. Afadhali akanywe naye chai mapema wakubaliane nani anafundisha nini. Na kama kozi inataka kifaa, aandike vipo vingapi, vinafanya kazi au vimeharibika. Darasa la mia tatu kwa kipima unyevu kimoja ni swali litakaloulizwa.

Kuwasilisha

Wafundishe kwanza kupima ukubwa wa badiliko, kwa sababu ndio unaoamua liende wapi. Kila chuo kina kanuni zake, zisomeni pamoja, lakini kwa kawaida kubadilisha rejea au mpangilio wa wiki huishia idarani. Kubadilisha jina la kozi, krediti au matokeo hupanda mpaka Seneti. Na programu mpya kabisa, baada ya Seneti, hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kupata ithibati. Nimepokea fomu za kurasa arobaini kwa ajili ya kubadilisha kitabu kimoja. Nimepokea pia barua ya mistari mitatu iliyokusudia kuongeza kozi mpya.

Njia ni bodi ya idara, bodi ya kitivo au ndaki, kamati ya taaluma na ubora, halafu Seneti. Chora kalenda kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya Seneti. Kwetu nyaraka hufika sekretarieti wiki mbili kabla ya kikao. Kamati ikae wiki mbili kabla ya hapo. Kitivo kabla ya kamati. Idara kabla ya kitivo. Mhadhiri akiiona kalenda hiyo ukutani anatambua kwamba anayetaka kozi ianze Oktoba hawezi kuanza kuandika Agosti.

Bahasha yenyewe, ya karatasi au ya mtandaoni, iwe na ukurasa mmoja wa mbele unaosema kilichokuwepo, kinachopendekezwa na kwa nini, fomu kamili, jedwali la upimaji, muhtasari wa kikao cha idara uliosainiwa, maoni ya wadau, na barua ya mkutubi. Jina la faili libebe namba ya kozi, idara na tarehe. Nina folda yenye mafaili matatu ya kozi moja yanayoitwa "mwisho," "mwisho kabisa" na "mwisho sasa," na sijui hadi leo lipi lilipita.

Pendekezo likirudishwa na maoni, mhadhiri asirudishe toleo jipya kimya kimya. Aandike barua yenye maoni yote, moja baada ya jingine, na chini ya kila moja alichofanya na ukurasa kilipo. Kamati ikiona barua hiyo husoma kurasa zilizotajwa tu. Isipoiona, huanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, na ikianza upya hupata makosa mapya.

Baada ya semina

Siku ya pili isiishe bila kazi kubadilishana mikono. Wa kilimo asome ya wa uhasibu, wa uhasibu asome ya wa ustawi wa jamii. Msomaji wa nje ya fani haogopi kuuliza maswali ya kawaida, nayo ndiyo Seneti huuliza. Halafu tenga nusu siku mbili au tatu ndani ya mwezi unaofuata, kaa mahali panapojulikana, mtu aje na kompyuta yake mmalizie pamoja. Wengi wanakwama kwenye jedwali la upimaji, wachache kwenye saa. Asiyekuja kabisa, muulizie kwa mkuu wake wa idara, usianze kwa amidi.

Kozi ikishapita, chukua namba ya uamuzi wa Seneti, mpe mhadhiri nakala, mkutubi nakala, na ofisi ya mitihani nakala. Ya ofisi ya mitihani uipeleke kwa mkono, ukae pale mpaka krediti ziingizwe kwenye mfumo wa matokeo mbele ya macho yako. Kozi iliyo na krediti 10 kwenye mtaala na 8 kwenye mfumo itaibuka wiki ya mahafali, mwanafunzi akiwa ameshakodi joho.